Breki za Gari la Jeanette

Jeanette alipomwambia mumewe kwamba anamwacha, swali la kwanza la Athol lilikuwa ataondoka na gari gani.

Jeanette mwenyewe ndiye aliyenieleza, siku ile ile, akiwa amesimama mlangoni kwangu na mwavuli unaochuruzika maji. Alikuwa amejiandaa kwa mengi: kelele, kilio, hata sahani kupigwa ukutani, ingawa tangu waoane Athol hajawahi kuvunja sahani. Badala yake mume aliweka uma chini, akatazama dirishani kule kwenye vilima vyetu visivyo na miti, akauliza, "Utaondoka na gari gani?"

"Na lile la Baba."

"Lile haliendi popote na breki zile."

Kisha akamalizia viazi vyake.

Mimi naitwa Vern. Nyumba yangu na yao zinatenganishwa na ua wa mbao ambao mimi na Athol tuliujenga wenyewe, enzi hizo migongo yetu ikiwa bado inatusikiliza. Tulikuwa gereji moja pale mgodini, tukitengeneza malori ya mawe, na mgodi ulipopunguza watu tulitoka getini pamoja. Sikuomba kuingizwa katika habari hii. Niliingizwa tu, kama utakavyoona.

Mtu ambaye Jeanette alikuwa akimwendea alikuwa mgane mmoja wa Ulverstone, kule pwani ya kaskazini, mwalimu wa muziki aliyestaafu. Walijuana kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama yake Jeanette alikuwa amelala kitanda cha dirishani, na mama wa yule bwana kitanda cha pili. Jeanette alikuwa akienda huko kila mwezi. Halafu mama yake akafariki, na yeye akaendelea kwenda.

"Athol hajanikosea, Vern," aliniambia. "Huo ndio ubaya wenyewe. Sina hata la kumlaumu. Ananitunza kama anavyotunza gari: kila kitu kinafanya kazi. Lakini wewe unakaa hapo ng'ambo ya ua. Ni lini umemsikia akiniambia neno ambalo si la kazi?"

Nilifikiri sana. Sikukumbuka.

Gari lenyewe lilikuwa MG, gari dogo la Kiingereza la milango miwili, ya kijani, paa lake turubai. Baba yake Jeanette, daktari wa meno wa Burnie, alilinunua likiwa jipya Jeanette akiwa bado msichana wa shule, na alipokufa akamwachia yeye. Athol ndiye aliyelilea tangu hapo. Alishafungua injini yake akairudisha, akashona viti, akapiga rangi. Ila paipu za breki, zile nyembamba zinazopita chini ya gari kupeleka mafuta ya breki kila gurudumu, zilikuwa bado za chuma, zile zile za tangu kiwandani. Na hapa kwetu Queenstown mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Chuma hakidumu.

Siku ya pili nilimsikia Athol akigonga vitu bandani kwake, nikavuka ua.

Gari lilikuwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yote yameng'olewa. Miguu ya Athol ilikuwa imechomoza kwa chini.

"Umekuja kunipa pole au umekuja kufanya kazi?" sauti ikatoka huko chini.

"Nimekuja kuona kama umekufa."

"Bado. Nipe ile spana fupi, halafu uache kusimama kwenye mwanga wangu."

Akatoka na kipande cha paipu mkononi. Akakikunja kwa vidole viwili tu, kikavunjika kama biskuti. Vumbi la kutu likamwagikia suruali yake.

"Tazama," alisema. "Na gari lenyewe la zamani, breki zake zina njia moja. Ikitoboka hapa nyuma, mbele nako huna kitu. Alitaka kushuka nalo Hellyer."

Bonde la Hellyer liko njiani kwenda kaskazini. Barabara inashuka ikijikunja ndani ya msitu mpaka mtoni, kisha inapanda tena, na wakati wa baridi lami haikauki kamwe.

"Apande basi," nilisema. "Akishafika kwa bwana wake, huyo ndiye aje kulichukua gari."

"Gari ni la baba yake. Alilipenda kabla hajanipenda mimi."

"Athol, hebu nikuulize kama rafiki yako. Mbona hupigani?"

Alikaa kwenye ndoo aliyoigeuza, akachukua paipu mpya, ya shaba ngumu, akaanza kuikunja taratibu akiizungusha kwenye kopo la rangi ili isije ikapondeka. "Nipigane na nani?" aliuliza. "Na yeye?"

Nikamshikia ncha ya pili ya paipu.

Kazi ile, sisi wawili, tungeimaliza wikendi moja tu na muda wa kunywa bia ungebaki. Athol aliivuta wiki nzima. Kila paipu aliipima kwa uzi, akaikata, akatanua mdomo wake kwa kile kibanio maalumu, akautazama kwenye mwanga, halafu akaukata akaanza upya kwa sababu haukumridhisha. Mimi niliuona, ulikuwa mzuri. Siku ya tatu au ya nne ndipo nikaelewa. Maadamu gari liko juu ya stendi, Jeanette yuko nyumbani. Alikuwa akifunga mizigo chumbani, na saa nne akitoka na chai na mkate wa nyama kwenye sinia, akiliweka juu ya benchi. Athol naye akisema, "Asante," akinywa chai yote mpaka masalia. Sijapata kumwona mtu akila mkate polepole vile.

Ijumaa nilimshawishi tushuke baa. Nilidhani kukaa na watu kutamfaa. Pale alikuwepo Dudley, mdomo mkubwa, ambaye habari zote za mji hupitia kwake kwanza ili azitie chumvi.

"Athol," Dudley akaanza, hata hatujakaa, "nasikia unamfungia breki mpya mama anayekukimbia. Wewe ni mtakatifu, bwana. Mimi ningesahau nati moja hivi. Moja tu, kwa bahati mbaya."

Watu wakacheka. Si kicheko cha chuki, ni kile cha watu ambao mvua imewafungia ndani. Athol hakucheka. Aliweka glasi yake juu ya kaunta, bado imejaa nusu, akasema, "Mimi sisahau nati," akavaa koti lake, akaenda nyumbani kwa miguu.

Hayo tu ndiyo aliyosema. Nilikuwa pembeni yake, naweza kula kiapo.

Jumamosi alasiri ilikuwa zamu ya kutoa upepo. Paipu mpya huwa zimejaa hewa, na breki zenye hewa ni kama kukanyaga mto wa kitandani. Lazima mtu mmoja akae kwenye usukani akanyage pedali, na mwingine awe chini akifungua skrubu ndogo kwenye kila gurudumu, mpaka mafuta yatoke bila povu. Katika nyumba ile mkanyagaji alikuwa Jeanette siku zote. Aliacha viatu vyake mlangoni mwa banda, akaingia kwenye gari na soksi, kama alivyozoea, ili aisikie pedali vizuri kwa unyayo. Mimi nilipewa chupa ya mafuta niwe najazia kikopo cha breki pale mbele.

"Kanyaga," Athol alisema kutoka nyuma.

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Mafuta yakatiririka kwenye chupa yake ya kukingia yakitoa mapovu. Akafunga skrubu. "Achia."

"Nimeachia."

"Kanyaga."

Ukisikiliza, ungedhani ni watu wanaotwanga pamoja. Hakuna aliyemkosa mwenzake hata mara moja. Gurudumu la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia. Walipofika mbele, Jeanette alianza kuongea, macho yake kwenye usukani.

"Athol, hujaniuliza kwa nini."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga. Unaweza kuniuliza. Nitakujibu."

"Shikilia."

"Wiki nzima nimesubiri uniulize."

Nilisikia mafuta yakidondoka.

"Achia," Athol alisema.

Aliachia. Niliona kupitia kioo cha mbele kwamba machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni na hayafuti. Athol, kule chini karibu na gurudumu, hakuweza kumwona. Au pengine aliweza. Mkono wake ulibaki umeshika spana kwa muda, umetulia juu ya ile skrubu, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Tena moja, Jen. Halafu basi."

Jen. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo mbele za watu.

"Nimekanyaga," Jeanette alisema.

Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Breki zilikuwa zimekubali.

Alfajiri ya Jumapili niliamshwa na mlio wa MG. Nilichungulia dirishani nikaona taa zake zikipanda barabara ya Gormanston, ile ya kona nyingi inayopanda kilima. Baadaye likarudi likishuka, na nikasikia Athol akifunga breki kila kona, kwa nguvu, tena na tena, akiteremka kwa mwendo ambao mtu mwenye akili hauendi kwenye lami iliyolowa. Nikasema moyoni, mwache, anazijaribu.

Hazikupita saa nyingi Jeanette akaja kugonga kwangu. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi.

"Vern, nakuomba kitu. Naomba uzipitie zile breki."

"Zina nini?"

"Sijui kama zina kitu."

"Athol amekuambia unitafute?"

Akatikisa kichwa. Ndipo akanieleza. Noelene, dada yake wa Zeehan, alimpigia simu jana yake jioni akiwa amechanganyikiwa. Maneno ya baa yalikuwa yameshafika Zeehan, na njiani yalikuwa yamebadilika. Huko walisema Athol alisimama mbele ya watu akaapa kwamba hatasahau. Noelene alimwambia mdogo wake asiguse gari lile, mwanamume aliyeachwa si wa kuaminiwa, na hasa yule anayenyamaza.

"Alisema hasahau nati, Jeanette," nilimwambia. "Dudley alimtania kuhusu nati, yeye akajibu kwamba hasahau nati. Nilikuwepo."

"Najua. Yaani, naamini."

"Basi?"

"Basi leo alfajiri nimesikia gari likitoka, nikadhani ameamua kulitupa bondeni. Au kujitupa nalo. Nililala pale nikasikiliza. Vern, nimeishi naye miaka yote hii na sijui kilichomo ndani yake. Sijui. Kesho natakiwa kushuka Hellyer."

"Siwezi kuzipitia bila yeye kujua," nilisema. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Aliondoka akiwa ameinamisha kichwa kwenye mvua. Nilitamani ningemwambia tu nitaziangalia jioni, halafu nisiangalie kitu, kwa sababu nilijua kazi ya Athol kama ninavyojua mkono wangu. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Hata birika halijachemka, Athol akasimama mlangoni. Hakuwa na koti.

"Njoo na taa yako," alisema.

"Athol, sikiliza..."

"Njoo tu, Vern."

Alikuwa ameshaliinua gari tena. Magurudumu yote manne alikuwa ameyang'oa upya, peke yake, na ameyapanga kando ya ukuta. Jeanette alikuwa kwenye baraza la nyuma, amejikumbatia kwa baridi.

"Si alfajiri umeteremka nalo kilima kizima?" nilimwambia, kwa sauti ambayo nilitaka mkewe aisikie. "Kama kulikuwa na kasoro, wewe ndiye ungekuwa umeshakufa."

"Nyamaza, Vern. Angalia kazi. Anza nyuma kushoto."

Nilianza nyuma kushoto. Yeye ndiye aliyenishikia taa. Nililala chini kwenye zege baridi nikafuata paipu moja moja kwa vidole, kila kibano, kila kiungo. Kila nati niliitia spana, na hakuna hata moja iliyosogea. Mahali paipu ilipopita karibu na bomba la moshi alikuwa ameivalisha kinga ya joto. Mahali ilipokunja kona, mkunjo ulikuwa laini kama uliochorwa. Kila nilipofika kwenye nati, mwanga ulikuwa umeshafika kabla yangu. Nikageuza kichwa. Alikuwa amesimama wima, uso wake hauna kitu, taa ameielekeza kwenye nati inayofuata.

Nilimaliza bila haraka, maana niliona kwamba kuharakisha kungekuwa kumvunjia heshima.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona."

"Mwambie."

Nikaenda barazani. "Jeanette, nimefanya kazi ya magari maisha yangu yote, na sijaona breki zilizofungwa vizuri hivi. Mama yangu angekuwa hai ningempandisha humo."

Alifunika mdomo kwa mkono. Akashuka ngazi, akavuka ile nyasi iliyolowa na viatu vya ndani, akaingia bandani. Mimi nilibaki nimesimama pale kama mti, sijui niende wapi, na ukuta wa bati hauzuii sauti.

"Nisamehe," alisema.

"Haya."

"Si kwamba niliamini kweli, Athol. Noelene alinijaza maneno. Nilitaka tu niache kuwaza."

Athol alikuwa anarudisha gurudumu. Nilisikia nati zikiingia moja baada ya nyingine.

"Ungeniuliza mimi," alisema.

"Ningekuulizaje kitu kama hicho?"

"Ungeuliza tu. Ungesema, Athol, umeziharibu breki zangu? Ningekujibu hapana."

"Na wewe ungeniuliza kwa nini naondoka. Ningekujibu."

Nati ya mwisho ikakazwa. Baada ya muda Jeanette akatoka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia ndani.

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Masanduku mawili nyuma ya viti, na kasha la picha za baba yake kwenye kiti cha abiria. Athol alikagua mafuta ya injini, akafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, akakaza lile turubai pembeni pale ambapo huvuja. Alipomaliza hakukuwa na la kufanya tena, na mikono yake ikabaki inaning'inia.

"Ukianza kuteremka Hellyer weka gea ya pili," alimwambia. "Usizilalie breki mpaka chini. Ziguse, uziachie. Ziguse, uziachie."

"Najua, Athol."

"Najua unajua."

Jeanette akamshika shavu, akambusu kwenye paji la uso kama anavyobusiwa mgonjwa. Gari likashuka mtaani. Pale chini kwenye njia panda taa za breki zikawaka nyekundu, zikakaa muda mrefu kuliko kawaida, ingawa hakukuwa na gari jingine. Nadhani alikuwa akitutazama kwenye kioo. Kisha zikazimika, akakata kona.

Sikumwacha Athol peke yake siku ile. Tulikaa jikoni kwake, nikapika mayai ambayo hakuyala. Alikuwa akitazama saa ya ukutani, na nilijua anafuatisha njia: sasa Rosebery, sasa anapita Tullah, sasa anaanza kuteremka. Simu ilipolia alasiri aliinuka kwa kasi mpaka kiti kikaanguka.

"Ehe," alisema kwenye simu. "Zilikuwa sawa? ... Haikuvuta upande? ... Haya. Haya, Jen."

Akaweka simu chini kwa uangalifu. "Amefika," aliniambia.

Alitaka kuinua kile kiti. Aliinama akakishika, lakini hakukiinua. Akakaa chini sakafuni, kiti amekikumbatia, akalia. Sijui kama umewahi kumsikia mtu mzima ambaye hajawahi kujifunza kulia. Hana mpangilio. Ni kama mtu anayetapika. Nilikaa naye pale chini mpaka dirisha likaingia giza.

Waliachana kisheria mwaka uliofuata, bila ugomvi, kila mmoja akachukua chake. Jeanette yuko Ulverstone mpaka leo. Anaimba kwenye kwaya ya yule bwana, na Noelene anasema amenenepa na anacheka sana. Nafurahi kwa ajili yake, na kuna siku sifurahi. Athol hakwenda tena baa. Dudley alikuja kumwomba radhi mlangoni, kofia mkononi, na Athol akampokea, akamtengenezea hata mashine yake ya kukatia nyasi. Ijumaa anakula kwangu. Tunaongea mpira, tunaongea mvua. Jina la mkewe hatulitaji.

Mara moja tu, msimu wa baridi uliopita, nilikuwa naosha vyombo na yeye anavifuta. Akasimama na sahani mkononi.

"Kuondoka kwake nimekuelewa, Vern," alisema. "Watu huondoka. Pengine hata mimi ningekuwa yeye ningeondoka. Lakini ile Jumamosi tulilala nyumba moja, yeye chumba chake, mimi changu. Na usiku kucha alikuwa macho, ananiogopa. Mimi."

Nilisubiri aendelee. Aliifuta sahani ile pande zote mbili, akaiweka kabatini, akanyoosha mkono nimpe nyingine.